Mwaka Niliovaa Ngoma

Siku ya kumaliza matanga ya Mama Spès, mshereheshaji alishika kipaza sauti karibu saa nzima. Alisema marehemu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Jabe anayejulikana hadi ng'ambo ya mto, kwamba magauni ya harusi ya nusu ya mji yalipita mikononi mwake, kwamba aliimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, kwamba alisomesha watoto watano bila kumpigia mtu magoti. Yote ni kweli. Mimi nilikuwa nimekaa meza ya nyuma, sahani ya wali na maharage mapajani, nikisubiri afike kwenye jambo moja tu. Hakufika. Nilipoona anaanza kuwashukuru waliochangia vinywaji, niliinua mkono. Alinifuata hadi mezani, akainama, akaniambia kwa adabu, "Mama, tunaomba musamaha, programu imejaa. Na salle inatakiwa na watu ya harusi." Kweli, watu wa harusi walikuwa mlangoni mwa ukumbi na maua yao ya plastiki, wakituangalia kama abiria wanaosubiri tushuke. Upande wa pili wa meza alikaa Désiré, ambaye zamani alikuwa mwanariadha mwembamba kama mwanzi na sasa ana kitambi na duka la vipuri mtaa wa Bwiza. Macho yetu yalikutana. Aliyashusha kwenye mshikaki wake, akawa anachomoa nyama moja moja kana kwamba kila kipande kilikuwa na mfupa. Nilirudi nyumbani na maneno yangu, na hasira ya kuchosha, ile isiyo na mtu wa kumrushia. Ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe ni Kagoma. Vijana wa leo hawamjui, na waliokuwepo wanamkumbuka kwa kicheko, kama mtu anavyokumbuka pipi aliyokula utotoni. Mwaka ule vita vilikuwa vimenyamaza, na mji wetu, hapa Burundi, ulipewa kuandaa mashindano ya vijana wa nchi jirani: riadha, mpira wa mikono, kikapu, kuogelea. Mashindano ya namna hiyo hayakosi kikaragosi wake, mtu aliyevaa mwili wa mnyama au wa kitu, anayezunguka uwanjani akipunga mikono ili wageni wajue wako nchi gani. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunamwita mascotte. Siku hizi nikiwasha televisheni na kumwona mnyama mwenye macho makubwa akicheza katika uwanja wa nchi ya mbali, wanangu hucheka. Mimi huuliza swali moja: ni nani aliye ndani, na ni nani aliyemkataza kusema?

Familia yangu haihusiki na habari hii. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana wa Bwiza niliyemaliza shule, nilicheza mpira wa mikono mpaka bega likanikatalia, na asubuhi zangu nilizipitisha katika chumba cha kushonea cha Mama Spès kule Jabe, nikikata nyuzi na kushona vifungo. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya wauza viatu vya mitumba. Kulikuwa na vyerehani viwili, pasi ya makaa, kioo kilichopasuka pembeni, na pazia la maua ambalo nyuma yake maharusi walivua nguo na kulia. Kila mchana mwanamke mmoja alituletea chungu: ugali wa muhogo, ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga kwenye mawese, na mboga za lengalenga. Tulikula kwa mkono kutoka sahani moja, kisha Mama Spès alinawa kwa sabuni mara mbili ili mafuta yasiguse satini. Alikuwa amekaribia miaka hamsini, mnene, mzito wa mwendo, mwepesi wa ulimi. Mtu asiyemjua angedhani ana hasira wakati wote. Aliyemjua alijua kwamba ilikuwa kweli.

Komite ya mashindano ilimchagua yeye kwa sababu alikuwa fundi pekee aliyekubali kushona sponji. Walikuja wanaume wanne, wakakaa kwenye viti vya wateja, na kwa kuwa walidhani washonaji hawajui Kifaransa, walibishana mbele yetu kama watu walio peke yao. Mmoja alitaka simba. Katibu wao, Chef Salvator, chef kwa maana ya bosi, mtu wa suti ya kijivu na simu mbili, akasema simba yumo kwenye nembo ya taifa, na mtoto akimvuta mkia uwanjani tutaitwa kujieleza. Mwingine akataka ng'ombe wa pembe ndefu. Hakuna aliyesema kwa nini, lakini kila mmoja aliangalia viatu vyake. Katika nchi yetu, ukitaja ng'ombe mbele ya watu wanne, mmoja atauliza moyoni, ng'ombe wa nani, wa kabila gani? Mshauri wao mgeni, ambaye hakuwepo lakini alikuwa ametuma mchoro, alipendekeza kiboko anayetabasamu. Hapo Mama Spès alisahau kwamba hajui Kifaransa. Akatoa pini mdomoni akasema, "Kiboko? Huyo mutu amekuja hapa lini? Kiboko inatoka mu ziwa jioni inakula majani ya watu, ukiikuta mu njia inakukata vipande mbili. Munataka watoto wakumbatie ile?" Wanaume wakacheka, kisha wakaacha kucheka, maana mmoja wao alikuwa na binamu aliyeuawa hivyo hivyo. Basi wakafika kwenye ngoma. Ngoma haina pembe, haina meno, na wageni wote wanaijua. Nayo kwa Kirundi, ingoma, ni ngoma na ni ufalme vilevile, neno moja kwa vitu viwili, kwa hiyo kila mmoja wao alipata cha kujivunia bila kukitaja. Walimpa jina Kagoma, ngoma ndogo. Waliondoka wakipeana mikono kama watu waliomaliza vita vingine.

Tulimshona wiki nyingi. Sponji za magodoro tulizipata kutoka ghala moja la Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, na harufu ya gundi ilituumiza kichwa hata tukawa tunashona mlango wazi, watoto wa sokoni wakitazama. Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza majina ya ngoma. Nilikuwa nimekulia Bwiza, ngoma nilizijua kwa masikio tu. Mama Spès, ambaye baba yake alizaliwa kwenye vilima vya wapiga ngoma, alinitajia kiungo kimoja kimoja huku akikishona. Ile ngozi ya juu huitwa icahi, jina lilelile la ngozi ambayo mama hubebea mtoto mgongoni. Ule mviringo unaoizunguka ni urugori, taji analovaa mwanamke aliyezaa. Vile vigingi vya kushikia ngozi ni amabere, maziwa, yaani matiti ya mama. Na pale katikati ni inda, tumbo. Niliacha kushona. Nikamwuliza, "Sasa kama yote ni mwanamke, kwa nini mwanamke haruhusiwi kuipiga?" Akakata uzi kwa meno. "Mi ni fundi," akasema. "Uliza wenye kupiga."

Nani angeivaa? Salvator aliahidi kuleta kijana, hakumleta. Siku ya kujaribu, Mama Spès alinisukuma mimi ndani kwa sababu nilikuwa karibu. Kulikuwa na joto la tanuri na giza. Niliona nje kupitia kitambaa chepesi kilichofichwa kitovuni, miguu ya watu tu na nusu ya nyuso zao. Nilijaribu kurukaruka kama wapiga ngoma, nikagonga kioo. "Apana kuruka!" Mama Spès akapiga kelele kutoka nje. "Tembea! We si mupiga ngoma, we ni ngoma. Tembea kama umebeba mutoto." Nikatembea hivyo: taratibu, uzito kwenye visigino, mgongo ukibembeleza kitu kisichoonekana, kiuno kikienda upande huu na upande huu. Nje watoto wa sokoni wakaanza kupiga makofi yanayofuata hatua zangu. Nilijua hapohapo. Kuna mambo machache maishani ambayo mwili hujua kabla ya kichwa, na yangu mimi yalikuwa mpira wa mikono na lile.

Kwa miezi miwili nilikuwa Kagoma. Tulizunguka shule, masoko, viwanja, Désiré akiwa msemaji wetu. Alikuwa amevunjika kifundo cha mguu, akakosa nafasi ya kukimbia, na komite ikampa kazi ya kunishika mkono na kuongea, kwa sababu kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba Kagoma hasemi. Nilifuata kanuni. Watoto waliokuwa wakiogopa kila kitu kikubwa walimjia Kagoma wenyewe, wakaegemeza vichwa vyao kwenye tumbo lake la sponji, wengine wakasinzia. Akina mama walicheka kwa namna fulani, mkono mdomoni, kama waliomtambua mtu bila kumkumbuka jina. Na wanaume walisema, nikiwasikia sentimita chache kutoka sikioni mwangu, "Huyu jamaa anajua kazi! Huyu kijana wametoa wapi?" Nilitabasamu gizani. Nilidhani siku moja nitavua, na watasema, kumbe. Nilikuwa na umri wa kudhani hivyo.

Wapiga ngoma walikuwa wakifanya mazoezi ya ufunguzi kwenye uwanja wa shule moja, na kiongozi wao alikuwa Mzee Barnabé. Mwembamba, kimya, mikono mirefu, sauti ambayo hakuwahi kuipandisha. Siku tuliyoletwa kufanya mazoezi nao aliwasimamisha vijana wake ili anitazame. Nilitembea mbele ya safu yao yote. Alipokuja karibu niliona vidole vyake vikigusa urugori tulioushona, kwa heshima, kama anagusa kitu halisi. "Aliye ndani anajua ngoma," alimwambia Salvator. "Nataka kumusalimia." Salvator, kwa furaha yake, akanifungua zipu mwenyewe. Nikatoka, nywele zimelowa, blauzi imenigandia mwilini, nikanyoosha mikono miwili kumsalimu mzee. Hakuipokea. Hakunitukana, hakukunja uso. Alirudi hatua moja, akageuka, akawaambia vijana wake wabebe ngoma. Mazoezi yakaishia hapo.

Mkutano ulifanyika keshoye katika ofisi ya komite. Mimi sikuitwa. Mama Spès aliitwa kwa sababu vazi lilikuwa la mkono wake, na mimi nilisimama barazani chini ya dirisha la vioo vya kukunja, nikijifanya nasubiri mtu. Nilisikia kila neno. Salvator alisema kwa Kifaransa maneno mengi kuhusu utamaduni na wageni wa heshima. Kisha sauti ya Mama Spès: "Mzee, tusemeshane. Ngozi ya ngoma ni ya kubebea mutoto. Taji ni ya mama. Maziwa ni ya mama. Tumbo ni ya mama. Mi nimeweka mutoto mwanamuke ndani ya vitu ya mwanamuke. Kosa iko wapi?" Kiti kikalia. Mzee Barnabé akajibu polepole: "Yote uliyosema ni kweli. Njo maana. Mwanamuke hawezi kupiga tumbo yake mwenyewe." "Lakini yeye hapigi! Anatembea!" "Leo anatembea. Kesho mwingine atapiga, atasema, mbona yule alikuwa ndani. Mi sikutengeneza hii desturi, mama. Mi niliikuta, na nitaiacha vile niliikuta. Kama musichana ataingia ndani, vijana wangu hawataingia uwanjani." Salvator hakuhitaji hata kufikiri. Mashindano bila kikaragosi yangewezekana. Ufunguzi bila ngoma za Burundi, kamwe.

Nimelifikiria jibu la yule mzee maisha yangu yote, na linalonikera ni kwamba halikuwa la kijinga. Angesema upumbavu ningemdharau, nikalala. Alisema kitu chenye umbo, kitu ambacho hata leo nikikigeuza naona uzuri wake, na uzuri huo ndio uliofungwa mlangoni kwangu kama kufuli. Heshima zinaweza kukuzunguka kama uzio. Wanakuita tumbo la nchi, taji la nchi, wanakuimba, na ukitaka kutembea wanakuuliza nani kakuruhusu. Salvator alipotoka alinikuta barazani. "Zuena," akasema, akinishika bega lile bovu, "we ni mutu ya equipe, mutu ya timu. Désiré ataingia. We utamufundisha."

Nikamfundisha. Andika hilo, nilijiambia mara nyingi, andika kwamba ulimfundisha. Tulisogeza vyerehani ukutani, Désiré akavaa, Mama Spès akakaa na mikono kifuani bila kusema neno. Alikuwa mkimbiaji, kila kitu ndani yake kilitaka kwenda mbele. "Rudisha uzito nyuma," nilimwambia. "Umebeba mutoto. Amelala. Ukitembea hivyo ataamka." Sauti yake ilitoka kitovuni, imezibwa: "Zuena, mi sijawahi kubeba mutoto." "Na mi nimewahi?" Alijaribu tena. Alionekana kama mtu anayekanyaga sakafu yenye moto. "Watu watasema natembea kama mwanamuke," akasema. "Hawatakuona! Hakuna mutu anakuona, Désiré, njo faida yako!" Nilimpiga konde kwenye tumbo la sponji, akaanguka juu ya vitambaa vya maharusi. Alipotoka, jasho likimtiririka, aliniambia kwa upole, "Si kosa yangu." Haikuwa. Hilo nalo lilinikera. Sikumpata mtu hata mmoja mwaka ule ambaye kosa lilikuwa lake.

Siku ya ufunguzi uwanja ulijaa tangu asubuhi. Jua lilikuwa la msimu wa kiangazi, la kupasua fuvu. Nilipewa kadi ya kuvaa shingoni na kazi ya kumshika Kagoma mkono, kazi ya zamani ya Désiré. Mama Spès alikuja na sindano na gundi, amevaa gauni lake la kanisani, kwa kuwa alitaka kuona kazi yake ikiangaliwa na marais na mabalozi. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu Jumatatu, akatembea akiegemea bega langu, tukapita mbele ya Mzee Barnabé na vijana wake wakishusha ngoma. Chini ya jukwaa kulikuwa na chumba cha vifaa, chenye nyavu za magoli na harufu ya chokaa, na humo ndimo Désiré alivaa mapema mno kwa sababu ya hofu. Hotuba zilikuwa ndefu. Alikaa ndani ya sponji kupitia hotuba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilipoanza aliyumba, akapiga magoti, na tulipomfungua alikuwa ametapika juu ya kifua chake mwenyewe na macho yake hayakuwa yakituona. Tukamlaza juu ya nyavu, tukammwagia maji.

Salvator aliingia mbio. Nje nilisikia ngoma za kwanza, wale vijana wakianza kuingia na ngoma vichwani, wakipiga huku wakitembea, umati ukinguruma. Alimtazama Désiré, akanitazama mimi. "Ingia," akasema.

"Mzee Barnabé alisema nini?" nikamwuliza.

"Barnabé yuko uwanjani tayari, hawezi kusimamisha. Hatajua. Ingia, Zuena, haraka, kamera zinasubiri!"

Nilikuwa nimeitamani nafasi ile kila usiku kwa wiki tatu. Miguu yangu ilishaanza kwenda. Kisha nikasikia alichosema hasa: hatajua. Nikasema, "Nitaingia. Lakini mwishoni nitavua mbele ya watu. Wanione." Alinitazama kama niliyemwomba atoe jino. "We musichana una kichaa?" "Basi mi siingii." Aliniita majina ambayo sitayaandika. Nilisimama nimeshika ukuta, na nikajisikia mkubwa kwa mara ya kwanza katika mwaka ule wote. Ilidumu kadiri ya pumzi tatu.

Kwa sababu nyuma yetu nilisikia zipu. Mama Spès alikuwa amevua viatu na kitambaa cha kichwani, amefuta ndani ya vazi kwa pindo la gauni lake la kanisani, na alikuwa anaingiza mguu mbovu kwanza, meno yameumana. "Mama, unafanya nini?" nikamwuliza. "Miezi tatu nimeshona," akasema. "Yule mutoto amelala, we unabishana. Mi nilishona kitu ikae mu hii chumba? Funga nyuma." Salvator alimtazama, akasogea kumpisha. Sijui aliona nini. Mwanamke mzee pengine hakuonekana kwake kama mwanamke kabisa. Nilimfunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamshika mkono wa sponji, nikamtoa juani.

Nimesema nilijua kutembea. Sikujua kitu. Mimi nilikuwa nikiigiza kubeba mtoto. Yule alikuwa amebeba watano, na wa sita aliyemzika. Alitoka polepole mpaka nikadhani hatafika, goti likivuta, mwili mzima ukipanda na kushuka upande mmoja, na lile kuchechemea likaingia katika mdundo wa ngoma kana kwamba walikuwa wamekubaliana. Umati ulinyamaza kwanza upande wa jua, kisha upande wa kivuli. Halafu wanawake wakaanza vigelegele. Si vigelegele vya kushangilia mchezo. Ni vile vya mlangoni, mtoto akizaliwa. Alipita mbele ya safu ya wapiga ngoma, karibu sana, na nilimwona Mzee Barnabé akiinua uso. Mikono yake haikukosa pigo hata moja. Macho yake yaliufuata ule mguu wa kushoto mpaka tulipopita.

Chini ya jukwaa alitoka akiwa amekauka midomo. Alikunywa maji chupa nzima, akavaa kitambaa chake cha kichwani kabla ya kitu kingine chochote, akakaa juu ya mpira wa mazoezi uliopungua upepo. Nilipiga magoti kumsugua goti. Nilitaka kumwambia nilichoona, lakini alinitangulia. "Ulikuwa na nafasi, ukaiwekea bei," akasema. "Mi siku zote nilisikia wengine wakiweka bei, masharti yao. Leo niliingia tu." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu. Wiki iliyofuata komite iliandaa chakula cha shukrani, kuku na ndizi, na Salvator akamwita Désiré mbele kama Kagoma wetu shujaa. Désiré alisimama, akatuangalia sisi wawili, akasita, kisha akaenda kupokea cheti, kwa sababu watu mia walikuwa wanapiga makofi na mwenyekiti alikuwa amenyoosha mkono. Mama Spès alipiga makofi pia. Mimi niliweka mikono chini ya meza.

Miezi michache baadaye, mvua zikiwa zimerudi, Mzee Barnabé aliingia katika chumba cha Jabe na suruali iliyochanika. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Mama Spès aliichukua, akaigeuza, akaanza kuishona bila kuulizana naye habari. Mvua ilipiga bati. Mzee alitazama cherehani kwa muda, kisha akasema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "Siku ya ufunguzi, Kagoma alikuwa na maumivu ya goti."

Mguu wa Mama Spès ulisimama kwenye pedali. Kisha ukaendelea.

"Ulijua!" nikasema. Nilikuwa nimesimama, mkasi mkononi. "Ulijua, na haukusimamisha!"

"Ngoma ikishaanza haisimamishwi," akasema. "Nilipiga miaka arobaini. Sijawahi kuona ngoma ikitembea vile."

"Basi sema! Waambie vijana wako. Waambie watu ni nani!"

Alinitazama kwa macho yasiyo na uadui wowote. "Apana, binti yangu. Nikisema, itakuwa imetokea." Akapokea suruali yake, akakagua mshono, akamshukuru Mama Spès kwa mikono miwili, kwa kuinamisha kichwa, salamu ambayo sijaona mwanamume wa umri wake akimpa fundi cherehani. Akainua kola na kuingia kwenye mvua.

Niliurusha mkasi ukutani. Uliacha kovu kwenye plasta na kuanguka karibu na pazia la maharusi. Nilikuwa nalia, na nilitaka Mama Spès naye alie, au acheke, au amtukane yule mzee, au anitukane mimi. Alikuwa anaingiza uzi mweupe kwenye sindano, ameisogeza karibu na macho kwa sababu ya giza la mvua.

"Okota mukasi," akasema. "Bibi harusi anakuja mchana, na mukono ya kulia bado."

Niliokota. Bibi harusi alichelewa kwa sababu ya mvua, akalia nyuma ya pazia kama wote, na gauni likamkaa vizuri.